Tamthilia Fupi na Hadhira ya Lugha Nyingi: Historia ya Jukwaa la Kiswahili Likitazamwa kutoka Londiani

Utangulizi

Historia ya tamthilia nchini Kenya imezoeleka kuandikwa kutoka mahali pachache tu. Hutajwa Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa jijini Nairobi, hutajwa shule ya Alliance huko Kikuyu, hutajwa kijiji cha Kamiriithu karibu na Limuru. Kisha mwandishi huona kuwa kazi imekwisha. Miji midogo ya bara, ambayo haikupata kujengewa jumba la maonyesho, huhesabiwa kuwa ni mahali pa kupokea tu yale yaliyokwisha kuundwa kwingine. Mtazamo huo una kasoro. Mtu akiuliza ni nani waliokuwa wakiketi mbele ya jukwaa, na kila mmoja aliketi na nani, ataona kwamba swali gumu kuliko yote katika tamthilia ya Kenya, yaani swali la lugha, lilikuwa zito zaidi katika miji hiyo kuliko mji mkuu.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuutazama mchezo mfupi wa kuigiza: mchezo ulioandikwa na mtu wa mahali hapo, ukaonyeshwa pamoja na mingine ya aina yake katika jioni moja. Mahali pa kutazamia ni Londiani, katika nchi ya chai na misitu ya Kericho. Hoja itakayotetewa ni kwamba katika mji wa namna hiyo Kiswahili hakikuwa pambo la jukwaa, wala hakikuwa agizo la wakuu wa elimu tu. Kilikuwa ndiyo lugha ya pekee iliyowawezesha majirani wa makabila mbalimbali kuutazama mchezo mmoja na kuuelewa kwa wakati mmoja. Hata hivyo, faida hiyo ilikuwa na gharama zake, nazo zitaelezwa.

Londiani na Watu Wake

Londiani iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kando ya misitu ya Mau. Mji huu ulizaliwa na reli. Reli ya Uganda ilipotoka Nakuru kuelekea ziwani, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, Londiani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Mpaka reli nyingine ilipofika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya masetla wa Uasin Gishu iliteremshwa Londiani, ikapakiwa katika magari ya kukokotwa na ng'ombe. Reli ilileta makarani, vibarua na wenye maduka, na watu hao hawakuwa na lugha moja ya nyumbani.

Kusini mwa Londiani, kuuzunguka mji wa Kericho, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianzisha mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920. Katika kambi za wachumaji wa chai walikaa Wakipsigis, Wajaluo, Wagusii na Waluhya, na lugha ya kazi baina ya nyapara na mchumaji ikawa Kiswahili cha namna yake, kifupi na kikavu. Katika misitu, wafanyakazi wa serikali walipewa vishamba vya kulima katikati ya miche ya miti, na wengi miongoni mwao walikuwa Wakikuyu. Mwaka 1957 kilifunguliwa Londiani chuo cha mafunzo ya misitu, nacho kikaleta vijana kutoka kila upande wa nchi.

Mchanganyiko huo haukuwa wa amani siku zote. Katika mapigano ya mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Londiani na sehemu jirani ya Kipkelion zilikuwa miongoni mwa mahali ambapo nyumba zilichomwa na majirani wakakimbiana. Jambo hili halina budi kukumbukwa na yeyote anayeandika juu ya jukwaa la sehemu hizi. Mwandishi anayechagua lugha ya mchezo wake Londiani anachagua pia ni nani atakayeelewa kicheko, na ni nani atakayeketi kimya akijiuliza iwapo anachekwa yeye.

Jioni Kabla ya Jukwaa

Haifai kudhani kwamba maigizo yaliletwa Kericho na shule. Hadithi za jioni za Wakipsigis zilikuwa na wahusika wao, miongoni mwao zimwi Chemosit, na msimulizi aliyewapa sauti na mwendo mbele ya watoto. Ushahidi mzuri wa uwezo huo wa kuunda mhusika ulinaswa mwaka 1950, wakati Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliporekodi nyimbo za Wakipsigis. Jina la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, lililosikika katika sahani za gramafoni, lilikuwa limekwisha kugeuzwa kuwa Chemirocha. Na katika wimbo mmoja wa wasichana kiumbe huyo alidhaniwa kuwa nusu mtu na nusu paa. Sauti ya mgeni asiyeonekana ilipewa mwili na tabia, na ngoma ikamwita aje acheze. Hapo mna mbegu ya tamthilia.

Lakini sanaa hiyo ilikuwa ya watu wa lugha moja. Kibarua wa Kigusii au karani wa reli wa Kijaluo angeweza kuifurahia midundo, asiweze kuifuata hadithi. Ilihitajika sanaa nyingine, isiyoondoa ile ya kwanza, ambayo ingewafaa watu hao wote wanapokutana.

Michezo ya Wanafunzi, 1954 hadi 1957

Sanaa hiyo ilianza kuonekana katika shule za bweni, ambazo nazo zilikusanya vijana wa lugha nyingi chini ya paa moja. Katika shule ya Alliance, chini ya mwalimu mkuu Carey Francis, tamthilia ya Shakespeare ilikuwa sehemu ya mwaka wa shule. Wanafunzi wa miaka ya 1955 hadi 1958 waliona *As You Like It*, *King Lear* na nyinginezo. Lakini katika shule hiyohiyo, kati ya mwaka 1954 na 1957, wanafunzi walianza kuandika na kuigiza michezo yao wenyewe kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika *Nakupenda, Lakini*. Kimani Nyoike aliandika *Maisha ni Nini?*, Gerishon Ngugi aliandika *Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi*; na B. M. Kurutu aliandika *Atakiwa na Polisi*. Wakati huohuo Graham Hyslop, afisa wa serikali wa muziki na maigizo, alitoa *Afadhali Mchawi* na *Mgeni Karibu*, zote mbili mwaka 1957.

Wahakiki wengi wameiona michezo hiyo kuwa myepesi, kwa kuwa inahusu mapenzi, ulevi na vijana waliopotea mjini, na haisemi lolote la wazi juu ya vita vya ukombozi vilivyokuwa vikiendelea. Lawama hiyo ina haki yake. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na kijana mwenye kalamu alijua mipaka yake. Hata hivyo, kuna jambo ambalo lawama hiyo hulipita. Waandishi hawa hawakuwa watu wa pwani, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walikichagua kwa sababu ya hadhira waliyokuwa nayo shuleni, na ile waliyoitarajia nje ya shule. Jumba la Taifa lilifunguliwa Nairobi Novemba 1952, na kwa miaka mingi lilitumikia zaidi michezo ya Kiingereza ya wageni. Vijana hawa, bila jumba, walionyesha kwamba benchi za bwalo la chakula, shuka la kufanya pazia na taa mbili zatosha, ilimradi lugha inaeleweka.

Programu ya Jioni Moja

Jioni ya michezo mifupi ina kanuni zake. Mchezo mrefu huidai hadhira iwe na subira na uzoefu wa jumba. Mchezo mfupi hauna madai hayo. Ukimshinda mtazamaji mmoja, unaofuata waweza kumshika. Maleba ni machache, mahali ni pamoja, wahusika hawazidi sita au saba, na tatizo lazima lijulikane kabla hadhira haijaanza kuzungumza. Zaidi ya hayo, waandishi wanne au watano hupata nafasi usiku mmoja, na hadhira huwapima kwa kuwalinganisha.

Faida ya mpango huo ilionekana wazi katika safari za wanafunzi wa Makerere. Katikati ya miaka ya 1960, wakiongozwa na David Cook, walianzisha kikundi cha maonyesho cha kusafiri ambacho hakikutoza kiingilio, wakazunguka Uganda na sehemu za Kenya. Walibeba michezo mifupi ya Kiingereza, ya Kiswahili, ya Kiganda na ya lugha nyinginezo, na programu ikabadilishwa kwa kadiri ya mahali na watazamaji. Mwaka 1968 Cook na Miles Lee walikusanya baadhi ya michezo mifupi ya Afrika Mashariki katika kitabu kimoja, ukiwemo *The Exodus* wa Tom Omara wa Uganda. Kitabu hicho ni cha michezo ya Kiingereza. Michezo ya lugha za Kiafrika iliyoonyeshwa njiani haikupata bahati sawa ya kuchapishwa, na hilo ni onyo ambalo makala haya yatalirudia.

Huko Tanzania, Ebrahim Hussein aliupa mchezo mfupi wa Kiswahili heshima ya kitaaluma. *Wakati Ukuta* na *Alikiona* zilichapishwa pamoja mwaka 1970, na katika *Alikiona* mwandishi alikitumia kichekesho cha pwani, kile kilichokuwa kikiigizwa katikati ya usiku wa taarabu. Somo kwa mwandishi wa bara ni kubwa: ufupi si dalili ya uchanga wa sanaa, bali waweza kuwa umbo lenye asili yake katika desturi ya jioni ya watu wenyewe. Kama kichekesho kilitoka katika taarabu, mchezo wa Kericho waweza kutoka katika hadithi ya Chemosit.

Tamasha Linapotoka Nairobi

Tamasha la maigizo la shule za Kenya lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, nalo kwa muda mrefu lilitawaliwa na Kiingereza na shule chache tajiri. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1970, alipoteuliwa Wasambo Were, Mwafrika wa kwanza kuwa mkaguzi wa maigizo na fasihi katika shule. Tamasha liliondolewa katika Jumba la Taifa likapelekwa mikoani. Michezo iliyoandikwa na walimu na wanafunzi wenyewe ikaongezeka. Kiswahili kikapata nafasi yake. Baadaye, mwaka 1985, mfumo mpya wa elimu ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, kila shule ikawa na walimu na wanafunzi walioweza kuubeba mchezo wa lugha hiyo.

Mpango wa tamasha hili ni wa ngazi. Shule ya Londiani hukutana kwanza na jirani zake. Ikishinda hupanda ngazi ya Kericho, kisha ya Bonde la Ufa, kisha ya taifa. Kwa hiyo mwalimu anayeandika mchezo Londiani huandika kwa ajili ya hadhira mbili. Ya kwanza ni ya wazazi na wanafunzi wa karibu, wanaoijua kila njia na kila duka analolitaja. Ya pili ni ya waamuzi wa mbali, wanaopima dhamira, usemi, matumizi ya jukwaa na dakika. Michezo mizuri ni ile inayotosheleza pande zote mbili. Michezo dhaifu huwaandikia waamuzi peke yao, na dalili yake ni hotuba ndefu mwishoni.

Mazoea ya jukwaa hilo yameleta mbinu fulani. Mazungumzo huwa ya Kiswahili, lakini wimbo wa kuunganisha maonyesho huweza kuwa wa Kikipsigis, wa Kikikuyu au wa Kigusii. Maana ya wimbo hubebwa na ishara za waigizaji, na yule asiyejua maneno hapotezi hadithi. Mbinu hiyo ni ya busara. Ile isiyo ya busara ni matumizi ya lafudhi. Michezo ya televisheni, mathalani *Vioja Mahakamani*, ilimzoesha Mkenya kucheka matamshi ya kabila la mwenzake. Mbele ya hadhira ya Nairobi kicheko hicho huenda kikapita upesi. Mbele ya hadhira iliyokwisha kuona nyumba zikichomwa, mlinzi mjinga mwenye lafudhi ya kabila fulani si mzaha mtupu. Mwandishi wa Londiani analazimika kutafuta ucheshi katika hali na tabia, si katika ulimi wa mtu. Na kwa kulazimika hivyo, huenda akaandika mchezo bora.

Swali la Kamiriithu

Hapana budi kujibu pingamizi moja kubwa. Tarehe 2 Oktoba 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu walionyesha hadharani *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Kikikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika uwanja waliojijengea kwa mikono yao. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo kibali kiliondolewa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ulibomolewa. Limuru nayo ni nchi ya chai. Chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa huko mwaka 1903. Je, kwa nini Kericho isifuate njia hiyohiyo, ikaandika kwa lugha ya wenyeji?

Jibu ni kwamba funzo la Kamiriithu si lugha fulani, bali ni kanuni: mchezo uandikwe kwa lugha ambayo wale wanaohusika nao huifikiria na kuijadili. Katika kijiji kile lugha hiyo ilikuwa Kikikuyu. Katika kambi ya wachumaji wa chai, au katika mji wa reli, lugha ambayo watu wote waliitumia kudai mshahara, kununua unga na kufanya utani ilikuwa Kiswahili. Kuuandika mchezo wa Londiani kwa Kikipsigis pekee kungekuwa halali na kungekuwa na uzuri wake, lakini mchezo huo ungewaaga mlangoni baadhi ya wale walioishi katika kisa chenyewe. Alamin Mazrui aliliona hilo katika *Kilio cha Haki*, iliyochapishwa mwaka 1981, ambamo wafanyakazi wa shamba la mzungu wanaongozwa na mwanamke, Lanina, katika kupigania haki zao. Mgomo unahitaji lugha moja, na katika tamthilia hiyo lugha hiyo ni Kiswahili. Kwamba mwandishi wake naye alitiwa kizuizini mwaka 1982 bila kufikishwa mahakamani ni ushahidi kwamba Kiswahili cha jukwaani hakikuwa kimbilio la waoga.

Kibali na Mswada

Gharama ya kwanza ya jukwaa hili ni udhibiti. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iliyotungwa mwaka 1962 kabla ya Uhuru, ilidai kwamba mchezo wa hadharani upate kibali. Mchezo wa shule ulipata ulinzi fulani kwa kuwa chini ya Wizara ya Elimu, lakini ulinzi huo ndio pia uliokuwa kamba. Mwaka 2013 mchezo wa shule ya wasichana ya Butere, *Shackles of Doom*, ulioandikwa na Cleophas Malala juu ya mgawanyo wa mali na madaraka baina ya makabila, ulizuiwa usiingie ngazi ya taifa, mpaka Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Aprili 2025 jambo kama hilo lilitokea tena kwa *Echoes of War*, mchezo wa mwandishi huyohuyo na shule hiyohiyo. Ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru uruhusiwe, mwandishi alikamatwa, wasichana wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakatupa mabomu ya machozi. Hayo yalitokea Nakuru, mji ulio juu ya reli ileile ipitayo Londiani. Mwalimu wa shule ndogo aliyeyasikia hayo hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Gharama ya pili haina kelele, nayo huenda ni kubwa zaidi. Michezo ya Alliance inasomwa hadi leo kwa sababu East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, liliichapisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi ya shirika hilo kwa upande wa Kenya ilirithiwa na Kenya Literature Bureau. Lakini soko la vitabu lilikwisha kugeukia vitabu vya kutahiniwa, na mtihani hupenda tamthilia ndefu, kama vile *Kigogo* ya Pauline Kea au *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege. Mchezo mfupi wa tamasha hupigwa chapa kwa nakala chache, hupewa waigizaji na waamuzi, kisha huachwa katika kabati la mwalimu. Mwalimu akihamishwa, mswada huhama naye au hutupwa. Hivyo makumi ya miaka ya uandishi wa mikoani yamebaki katika kumbukumbu za watu, na mhakiki wa Nairobi, asipouona mswada, huandika kwamba mikoani hapakuwa na waandishi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mchezo mfupi wa Kiswahili ulitokana na hadhira ya lugha nyingi, kwanza katika shule za bweni, kisha katika safari za wanafunzi, na hatimaye katika ngazi za tamasha. Na kwamba mji kama Londiani, kwa historia yake ya reli, misitu na chai, na kwa majeraha yake ya 1992 na 2008, unaeleza vizuri kuliko Nairobi kwa nini umbo hilo na lugha hiyo vilihitajika. Imeonyeshwa pia kwamba kukichagua Kiswahili hakupingani na funzo la Kamiriithu, bali ni kulitumia mahali penye watu wa namna nyingine.

Linalobaki ni kazi ya mikono. Kila shule inayoshiriki katika tamasha ingeweza kuweka nakala moja ya kila mchezo wake katika maktaba, ikiandikwa jina la mwandishi, mwaka, lugha za nyimbo na idadi ya waigizaji. Idara za lugha za Kiafrika katika vyuo vikuu zingeweza kuwatuma wanafunzi wao makwao wakati wa likizo, wakakusanye miswada iliyomo katika makabati kabla haijaliwa na mchwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala jumba jipya. Isipofanywa, mtafiti atakayetaka kujua watu wa Londiani walisema nini mbele ya majirani zao baada ya nyumba kuchomwa atakuta orodha za washindi na vikombe, bila neno hata moja lililosemwa jukwaani.